Ile Asilimia Kumi ya Msanii Ilienda Wapi?

Ukitaja NFT mbele ya vijana wa Nairobi siku hizi, lazima mtu acheke. Mmoja anakumbuka zile katuni za nyani waliovaa kofia, mwingine anakumbuka msee wa mtaani aliyekuwa anaita watu kwa semina za kripto kisha akapotea pamoja na grupu ya WhatsApp, na stori inaishia hapo. Kucheka ni sawa. Hata mimi nikiangalia bei za 2021 nacheka.

Lakini ndani ya ile kelele yote kulikuwa na ahadi moja ambayo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Msanii aliambiwa hivi: uza kazi yako leo, na kila mara itakapouzwa tena, kwa mtu wa pili, wa tatu, wa ishirini, kipande cha hiyo pesa kitarudi kwako chenyewe, bila wakili, bila kumpigia mtu simu. Mara nyingi kipande chenyewe kilikuwa asilimia 10. Kwa kijana anayechora kwa tableti huko Rongai au Kisauni, naona hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya maana ya kuingia, kuliko hata ndoto ya kulala maskini na kuamka milionea.

Hiyo ahadi haikuzaliwa na kripto. Ina zaidi ya miaka mia moja, na ilikuwa imeshavunjwa kwingine kabla NFT hazijaivunja tena. Nimekuwa nikiifuatilia kwa muda, na naona tukijua ilikotoka tutajua pia cha kudai sasa hivi, wakati serikali yetu inaandika kanuni za haya masoko.

Tuanzie shambani, Ufaransa. Jean-François Millet alikuwa mchoraji aliyependa kuchora watu wa jembe. Picha yake inayojulikana sana inaitwa L'Angélus: mwanamume na mwanamke wamesimama shambani jioni, vichwa wameinamisha, wanasali, na kikapu cha viazi kiko chini karibu na miguu yao. Aliiuza kwa bei ndogo akiwa bado anahangaika. Akafa 1875. Mwaka wa 1889 picha ile ile ilipigwa mnada Paris ikafika faranga 553,000, na familia yake haikupata hata moja ya hizo. Stori hiyo ilirudiwa kwenye magazeti na kwenye mikutano kwa miaka mingi, mpaka 1920, Ufaransa ilipopitisha sheria ya kwanza duniani ya kumpa msanii sehemu ya pesa kazi yake inapouzwa tena. Wanaiita droit de suite, yaani haki ya kuifuata kazi. Picha inahama nyumba, lakini msanii bado anaifuata kwa mbali.

Kama unajiuliza kwa nini mchoraji apewe kitu kama hicho, mfikirie mwanamuziki. Wimbo wake ukipigwa redioni anatakiwa alipwe. (Kama hiyo pesa inamfikia, hiyo ni vita nyingine, siiingii leo.) Mwandishi anapata kitu kwa kila nakala. Mchoraji anauza kitu kimoja, mara moja, na kawaida anakiuza akiwa hajulikani, landlodi yuko mlangoni, kwa bei ya kutupa. Jina lake likija kupanda miaka kumi baadaye, faida yote inamwangukia yule aliyenunua mapema.

Marekani haikufuata njia ya Ufaransa, kwa hivyo huko wasanii walijaribu kujipangia wenyewe. Mwaka wa 1971, jamaa wa New York anayeitwa Seth Siegelaub, aliyekuwa anaandaa maonyesho ya sanaa, alikaa na wakili Robert Projansky wakaandika mkataba ambao msanii yeyote angeweza kuutoa fotokopi na kuutumia. Mnunuzi akisaini, anakubali kwamba siku akiuza kazi kwa faida, msanii anapata asilimia 15 ya hiyo faida. Na huyo anayenunua kutoka kwake naye lazima asaini, na anayefuata vilevile. Mkataba unasafiri na kazi. Nilipousoma mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu hiyo ni NFT kabisa, ila ni ya karatasi, na Bitcoin yenyewe ilikuja 2009!

Ulikwama mahali rahisi sana: hakuna aliyelazimishwa kusaini. Tajiri anaangalia picha mbili, moja ina masharti ya kumfuata maisha yake yote, nyingine haina. Atabeba gani? Wachache kama Hans Haacke walishikilia ule mkataba wakaendelea kuuza nao. Wengine waliogopa, na siwalaumu, maana ukiwa na njaa ni ngumu kumwekea masharti mtu aliyeshika pesa mkononi.

Halafu ikafika usiku wa 18 Oktoba 1973. Robert Scull alikuwa na kampuni kubwa ya teksi New York, na kwa pesa za teksi alikuwa amenunua kazi za vijana waliokuwa bado hawana jina. Usiku huo aliuza kazi 50 kwenye mnada wa Sotheby Parke Bernet na zikaleta zaidi ya dola milioni 2.2. Mojawapo ilikuwa Thaw ya Robert Rauschenberg. Scull aliinunua 1958 kwa dola 900. Ikaenda kwa dola 85,000. Nje ya jengo madereva wa teksi walikuwa wanaandamana, na ndani Rauschenberg, akiwa amelewa kidogo, alimwendea Scull akamsukuma. Kuna kamera zilikuwa zinarekodi, kwa hivyo sio udaku. Scull alimjibu kwamba hata yeye amefaidika, kwa sababu sasa kazi zake mpya zitauzwa kwa bei ya juu.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu jibu la Scull si la kijinga. Ni kweli bei ya mnada inapandisha jina. Lakini linamfaa msanii ambaye bado yuko hai, bado ana nguvu, na bado ana kazi mpya za kuuza. Kwa Millet lingemsaidia nini? Na kwa msanii anayeumwa, au aliyeacha kuchora akaenda kutafuta kazi ya ofisi, kupanda kwa jina ni habari za kusoma tu kwenye simu.

Baada ya hapo Rauschenberg alipigania sheria, na 1976 jimbo la California likapitisha moja: asilimia 5 kwa msanii kazi ikiuzwa tena. Ilikaa vitabuni zaidi ya miaka arobaini ikipigwa kesi baada ya kesi, na 2018 mahakama ya rufaa ya huko ikaimaliza karibu yote, ikisema inagongana na sheria ya hakimiliki ya nchi nzima.

Sasa shika hayo matatu: sheria ya Ufaransa, mkataba wa Siegelaub, sheria ya California. Ndio uingie 2014.

Mwezi wa Mei mwaka huo, New York, kulikuwa na tukio ambapo msanii anaunganishwa na mtu wa teknolojia na wanapewa muda mfupi watengeneze kitu pamoja. Kevin McCoy, msanii, aliwekwa na Anil Dash, mtu wa programu. Wakati huo picha za wasanii zilikuwa zinazunguka mtandaoni bila jina, kila mtu anapakua na kupakia, na aliyechora hajulikani. Wazo lao lilikuwa hili: tuiandike picha kwenye blokcheni, lile daftari la kidijitali ambalo yeyote anaweza kulisoma na hakuna mtu mmoja anayeweza kulifuta, ili ijulikane ni ya nani. Kabla ya hapo McCoy alikuwa ameandikisha kazi yake inayoitwa Quantum kwenye daftari moja linaloitwa Namecoin. Mbele ya watu, Dash akanunua klipu moja kwa dola 4 alizokuwa nazo mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa NFT, kabla hata hilo jina halijakuwepo.

Baadaye, mwaka wa 2021, Dash aliandika kwamba usiku ule walikata kona moja. Picha nzima ilikuwa kubwa mno kuingia kwenye daftari, kwa hivyo waliweka linki ya mahali picha ilipo. Waliona ni kitu cha muda tu, kitarekebishwa. Hakikurekebishwa, na ndio maana mpaka leo NFT nyingi ni risiti yenye linki. Tovuti ikifa, unabaki na risiti.

Na hilo daftari la Namecoin lilikuwa na kisirani chake. Jina ulilosajili lazima ulihuishe kila baada ya muda, la sivyo linaachiliwa. McCoy aliacha likaisha. Unajua vile laini ya simu usiyoitumia inaishia kupewa mtu mwingine, halafu watu wanampigia huyo mgeni wakidhani ni wewe? Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 2021, Quantum ilipokuwa inaandaliwa kwa mnada wa Sotheby's kwa tokeni mpya ya Ethereum, kuna mtu alilichukua lile jina la zamani. Kazi ikauzwa dola milioni 1.47, na mwenye jina la zamani akaenda kortini akidai yeye ndiye mwenye Quantum halisi. Jaji aliitupa kesi 2023. Daftari lisilofutika, na bado watu wanapelekana kortini kugombania nani mwenyewe.

Miaka iliyofuata napita haraka, kwa sababu imeandikwa sana. Juni 2017 vijana wawili wa Larva Labs walitoa CryptoPunks, vichwa 10,000 vya pikseli 24 kwa 24, vya bure, ulilipia tu gesi, yaani ada ya mtandao. Mwishoni mwa mwaka huo paka wa CryptoKitties walipendwa mpaka Ethereum nzima ikakwama. Katikati ya 2018 kanuni ya kiufundi ya NFT, ERC-721, ikakamilishwa. Masoko ya sanaa kama SuperRare yakafunguliwa. Ni humo kwenye masoko, taratibu, ndipo ile haki ya kuifuata kazi ilipofufuka na jina jipya: mrabaha wa mauzo ya pili. OpenSea, lililokuja kuwa soko kubwa kuliko yote, lilimruhusu msanii ajiwekee mpaka asilimia 10.

Na maze, kwa muda ilifanya kazi! Hili watu wanaocheka hawalisemi. Mwaka wa 2020 Mike Winkelmann, yule Beeple, aliuza kazi yake Crossroads kwenye soko la Nifty Gateway kwa dola 66,666.66. Februari 2021 aliyenunua akaiuza kwa dola milioni 6.6, na Beeple akapata asilimia yake 10. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 70 za wakati huo, bila kusukumana na mtu. Rauschenberg alikuwa amefariki 2008. Mwezi uliofuata Christie's wakauza Everydays ya Beeple kwa dola milioni 69.3 na dunia ikapagawa.

Huku kwetu nako kulichangamka. Eliud Kipchoge aliuza NFT za mbio zake Aprili 2021. Osinachi wa Nigeria, anayechora kwa Microsoft Word, ile ile tunayoandikia CV, kazi zake ziliuzwa na Christie's London mwaka huo huo. Jack Dorsey aliuza ujumbe wake wa kwanza wa Twitter kwa dola milioni 2.9 na kusema pesa zinaenda kwa GiveDirectly, shirika ambalo Wakenya wa Siaya wanalijua vizuri sana. (Aliyeununua alijaribu kuuuza mwaka uliofuata akitaka dola milioni 48. Ofa ya juu ilikuwa chini ya dola 300.)

Kwa Mkenya wa kawaida mlango haukuwa wa bure hivyo. Mwishoni mwa 2021 gesi ya Ethereum ilikuwa inaweza kula dola 100 kwa hatua moja tu, hiyo ni thao kumi na moja hivi, kodi ya bedsita ya mwezi mzima. Ulilipa kabla hujauza chochote. Halafu ukiuza, ETH inakaa kwenye pochi mpaka upate mtu wa kukubadilishia iwe shilingi kwa M-Pesa. Kwa nini mtu avumilie yote hayo? Kwa sababu ya asilimia 10. Ulikuwa unajiambia hata nikiuza hii kwa bei ya chini leo, nimepanda mti.

Sasa tuufungue huo mti tuone mizizi yake. Chukua mfano wa M-Pesa. Ukinitumia thao moja, mfumo unajua pesa imetoka kwako imekuja kwangu. Haujui kama unanilipa deni, unanunua maziwa, au unanichangia harusi. Ndio maana kuna wenye duka wanakwambia usilipe kwa till, tuma tu kwa namba ya kawaida. Malipo ni yale yale, ila kwa macho ya mfumo yamekuwa kitu kingine.

Blokcheni iko hivyo hivyo. ERC-721 inajua tu kwamba tokeni imehama kutoka pochi moja kwenda nyingine. Haijui kama imeuzwa, imetolewa zawadi, au ni mtu yule yule anahamisha vitu vyake. Kwa hivyo haiwezi kudai mrabaha, kwa sababu haijui mauzo ni yapi. Kuna kanuni nyingine ilipendekezwa 2020, ERC-2981, lakini yenyewe inajibu swali moja tu: msanii huyu anataka asilimia ngapi? Kulipa au kutolipa ni hiari ya soko. Zile pesa zote ambazo wasanii waliambiwa zinalindwa na kodi za kompyuta zilikuwa zinalipwa kwa sababu OpenSea na wenzake waliamua kuzikata na kuzituma. Ahadi ilikuwa ya kampuni, ikavalishwa nguo za hesabu.

Ni ule mkataba wa Siegelaub tena. Unafanya kazi mradi mwenye soko anataka.

Na kuna kosa lingine la muundo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Siegelaub aliomba asilimia 15 ya faida. NFT zilichukua asilimia ya bei yote. Sheria ya Ufaransa pia inachukua kwa bei, lakini pale mtu anauza picha baada ya miaka. Kwenye NFT kulikuwa na watu wananunua asubuhi na kuuza jioni. Ukinunua kwa ETH 1 ukauza kwa 1.05, mrabaha wa asilimia 10 umekula faida yako yote na ukaingia mfukoni kwako. Bei zikipanda kila siku huyo mtu hajali. Bei zilipoanguka 2022, akaanza kujali sana.

Akapata pa kwenda. Julai 2022 Sudoswap ilikuja bila mrabaha. Agosti X2Y2 ikaufanya wa hiari. Oktoba LooksRare na Magic Eden zikafuata, na mwezi huo huo Blur ikafunguliwa ikilenga hao hao wa kununua asubuhi na kuuza jioni. Masoko yaligombania wateja kama matatu za rut moja zinavyogombania abiria, na nauli waliyoshusha haikuwa yao, ilikuwa ya msanii. OpenSea ilijitetea kidogo, Novemba ikatoa chujio la kuzuia masoko yasiyolipa. Februari 2023 nayo ikalegea. Halafu Agosti ikatangaza kwamba chujio linazimwa tarehe 31 ya mwezi huo, na mrabaha utakuwa kitu cha muuzaji kujitolea.

Wakati huo pesa zilizokuwa zimeshalipwa zilikuwa nyingi. Oktoba 2022 kampuni ya Galaxy Digital ilihesabu kwamba watengenezaji wa NFT za Ethereum walikuwa wamelipwa mrabaha wa dola bilioni 1.8. Lakini angalia ndani: majina kumi tu, pamoja na Nike na Yuga Labs wa wale nyani, yalibeba asilimia 27. Kwa hivyo mtu akikwambia mrabaha ulikuwa unasaidia wasanii wadogo, mwambie ndio, baada ya kusaidia kampuni ya viatu. Hilo halinifanyi nione wazo lilikuwa baya. Linanifanya nione msanii mdogo alitumiwa kama picha ya tangazo.

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna tarehe hapa ambayo sijaona watu wakiizungumzia. Chujio la OpenSea lilizimwa 31 Agosti 2023. Kesho yake, 1 Septemba 2023, Kenya ilianza kutoza kodi ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na NFT zilitajwa humo kwa jina. Sio asilimia 3 ya faida, ni ya bei yote. Ukiuza kwa hasara, bado unadaiwa. Yaani ndani ya saa ishirini na nne msanii wa Kenya alipoteza kinga ya mrabaha wake na akapata mshirika mpya ambaye hajawahi kushika kalamu ya kuchora. Bunge lilijua NFT ni nini pale lilipotaka kodi. Upande wa kumlinda aliyechora, hakukuandikwa neno.

Na linalouma zaidi ni kwamba sheria ya kumlinda tayari tunayo. Mwaka wa 2019 tulirekebisha Sheria ya Hakimiliki tukaingiza haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ndiyo ile ile ya Millet, imefika Nairobi baada ya miaka 99. Ni wasanii wangapi unaowajua wewe wamewahi kulipwa kupitia hiyo? Minada ya sanaa ipo hapa, Circle Art wamekuwa wakiiandaa tangu 2013. Lakini kazi nyingi za vijana zinauzwa studio, kwa WhatsApp, kwa Instagram, mtu kwa mtu, na hayo mauzo ya faragha sheria haiyagusi. Inazungumzia mnada, galari na dalali. Iliandikwa na watu waliokuwa wanafikiria fremu ukutani.

Ufaransa ilifaulu kwa kitu ambacho si sheria peke yake. Kuna chama, ADAGP, cha tangu 1953, ambacho kazi yake ni kupiga hodi kwa nyumba za mnada na kudai. Kuna mtu ana orodha, ana namba ya akaunti ya msanii, na ana nguvu ya kushtaki. Blokcheni ilituahidi kwamba huyo mtu hatakiwi tena, kompyuta itadai yenyewe. Haikudai. Ilikuwa inasubiri mwenye soko aamue.

Ndio maana mimi siwezi kuzika hii stori na wale nyani. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na sasa Benki Kuu na CMA ndizo zitakazotoa leseni kwa kampuni za aina hii zinazotaka kufanya biashara na Wakenya. Leseni ina masharti, na masharti yanaandikwa kwenye kanuni. Hapo ndipo kuna mlango ambao Siegelaub hakuwa nao: kumlazimisha mwenye soko, badala ya kumwomba. Soko linalouza sanaa kwa tokeni hapa nchini likate ile asilimia 5 ambayo tayari iko kwenye sheria yetu, ikatwe kwenye faida wala si kwenye bei, na ionekane kwenye risiti. Kampuni za kubadilisha pesa zina mawakili watakaokuwa kwenye kila kikao cha kujadili hizo kanuni. Vyama vya wachoraji sijavisikia bado, na maoni ya umma yanapoitishwa huwa yanapewa siku chache tu.

Kuhusu ile kodi ya asilimia 3, ilifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025. Mahali pake, tangu 1 Julai 2025, kuna ushuru unaokatwa kwenye ada ambazo kampuni za mali za kidijitali zinatoza wateja. Kiwango chake ni asilimia 10, na inaenda KRA.